Nilitangaza pilau ambalo halikuwepo kwenye machimbo yangu ya mawe Tegeta

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Hili limenikuta mwenyewe, sijahadithiwa. Kama kuna uongo humu ndani, ni ule tu nitakaowaambia kwamba niliusema.

Mie ni mchekeshaji wa jukwaani. Zaidi ya miaka kumi nimepiga shoo Temeke nzima: harusi, vigodoro, uzinduzi wa maduka ya simu. Jina la kazi Kifuniko. Msiulize limetoka wapi, mama yangu naye anasomaga humu.

Mjomba wangu alipofariki aliniachia eneo huku nyuma ya Tegeta. Tulijaribu mihogo ikagoma, chini ni mawe matupu. Nikafuatilia leseni ya uchimbaji mdogo, nikapata, akiba yangu yote nikaimwaga pale. Tunatoa mawe ya msingi na kokoto, tipa zinakuja kubeba.

Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Umechoka kuchekwa kwa kulipwa?"

Shimoni wako wachimbaji kumi na wawili, akiwemo msimamizi wao, Chande. Halafu kuna Bi Mwanahawa, mama mtu mzima, yeye anakaa kwenye kigoda chini ya ukuta wa mawe, kwenye kivuli, anaponda kokoto kwa nyundo. Goti lake moja bovu tangu zamani.

Sasa kosa langu ni hili. Mie mdomo haukai. Kila asubuhi nilikuwa nasimama ukingoni na kipaza sauti changu cha betri, nawachekesha kabla ya kazi. Na kichekesho kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa kupiga kelele "Ukuta unashuka!"

Watu wanakimbia, wanageuka, wanauona ukuta umesimama, wanacheka mpaka machozi. Nimekifanya kama mara tano hivi. Nilikuwa najiona bosi bora kuliko wote.

Mvua ya masika ikapiga siku tatu mfululizo. Ya nne kukakauka, tukarudi kazini.

Kwenye saa nne nikapita juu, nyuma ya ukuta. Nikakuta ufa. Nikaingiza mkono, ukazama mpaka kiwiko, na udongo unamwagikia ndani kidogo kidogo.

Nikakimbilia ukingo wa pili, penye njia ya kupandia, nikashika kipaza sauti. "Ukuta unashuka! Tokeni!"

Wakacheka.

Nikaapa haki ya Mungu. Wakacheka zaidi, maana kwenye shoo huwa naapaga. Nikalia wakuu, machozi ya kweli kabisa. Chande akapiga makofi: "Braza leo umeamua!" Mwingine akainua kokoto juu, anakatika kiuno kama anakuja kunitunza.

Bi Mwanahawa hakuinua hata kichwa. "Ya kabla ya mvua ilikuwa nzuri zaidi," akasema, akaendelea kuponda.

Nilijichukia. Watu kumi na tatu wanakwenda kufa mbele yangu, na aliyewafundisha kutoniamini ni mie mwenyewe.

Sijui akili ilitoka wapi. Nikavuta pumzi, nikaweka ile sauti ya ukumbini.

"Ndugu waalikwa, chakula kiko tayari. Ni pilau la ng'ombe. Tunaomba mpande kwa utaratibu, watakaochelewa watakuta ukoko."

Mtu wa Dar atabishana na wewe kuhusu kifo. Kuhusu pilau habishani. Sururu zilitupwa, na utaratibu haukuwepo.

Akabaki Bi Mwanahawa, anahangaika na goti lake. Nikateremka mbio, nikamshika kwapani nikaanza kumvuta.

"Taratibu mwanangu, kwani chakula chenyewe kidogo?"

Tulipokanyaga ukingoni tu, ukuta ukaenda. Vumbi lilipotulia, kigoda hakionekani wala nyundo haionekani. Pale alipokuwa amekaa kuna mawe ya tipa tatu.

Chande akauliza taratibu, "Kwa hiyo pilau hakuna?"

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanahawa alikuwa kanishika mkono hauachii. Akaniambia, "Kifuniko, ungetuzika huku tunacheka."

Nikaagiza pilau kwa mama ntilie wa barabarani, tukalila mbali na ukingo.

Nilichojifunza: utani una mahali pake, na mahali penyewe siyo juu ya vichwa vya watu. Siku hizi naanza kwa kukagua ukuta, na hakuna anayekaa chini yake hata kama jua linaunguza. Ukingoni tumefunga kamba. Juu ya kamba nachekesha, chini ya kamba nasema la kweli tu.

Nyie wenye midomo kama mie, mliwezaje kuaminika tena? Nipeni uzoefu wenu. Matusi pia napokea, nimeyazoea.

Nauliza kwa sababu mwenzenu bado. Jana nimeteremka shimoni, nikamwambia, "Shikamoo Bi Mwanahawa."

Hakuitikia. Aliweka nyundo chini, akautupia jicho ukuta, akaanza kupanda.