Nyama Aliyoisubiri Babu

Enzi zetu sisi, wenzangu mliokulia Maskati pamoja nami, hakuna aliyehitaji simu kumwambia kuwa joto limekatika. Ulijua kwa magodoro. Siku moja ya mwezi wa kumi Bibi yangu aliamka, akatoa mkono nje ya dirisha, akakaa hivyo kama anayepima maji ya kuogea, kisha akasema, "Haya, lizimeni hilo dubwana." Dubwana ni kiyoyozi chetu kimoja, kilichokuwa kikinguruma chumbani kwa baba tangu mwezi wa nne, na sote tisa tukilala mbele yake tumebanana. Kikizimwa, nyumba nzima ya Mutrah ilinyamaza, ukaanza kusikia tena vitu ulivyokwisha kuvisahau: honi ya meli bandarini, kikohozi cha muuza vitambaa wa chini, jirani akimgombeza mwanawe.

Basi hapo ndipo magodoro yalipopandishwa juu ya dari kuanikwa, na sisi watoto tukayapiga fimbo mpaka vumbi lituingie puani. Masanduku yalifunguliwa, nguo za baridi zikatoka na harufu ya dawa ya nondo, na Bibi akazifukiza udi moja moja. Baridi yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, tuseme kweli, lakini tulivaa masweta na kutetemeka kwa makusudi ili tupewe chai ya tangawizi. Shuleni tulikuwa tukifanyishwa mazoezi ya gwaride la sikukuu ya taifa, jua linatuchoma utosini na mwalimu anapiga kelele kushoto-kulia. Na miaka ile Idi Kubwa ilikuwa inaangukia hapohapo, baada ya joto kukatika na kabla ya sikukuu ya taifa, kwa hiyo majira yote yalikuwa sherehe moja ndefu. Mama alinunua jora moja la kitambaa, akatushonea sote watoto wa kike, tukatoka barazani kama mapazia ya nyumba moja.

Idi tulikwenda Bawshar. Vijana wa leo wakisikia Bawshar wanaona maduka makubwa na foleni za magari. Sisi tuliona mitende, mfereji wa falaj uliopita katikati ya mashamba, na nyumba za udongo zenye milango mifupi iliyomgonga baba kichwa kila mwaka. Huko ndiko kwao Babu. Na huko ndiko alikokuwa akiishi Amma Zuwena, mdogo wake Babu wa kike, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hatukupata kumwona akicheka.

Babu mwenyewe sikumjua. Alichukuliwa na ami yake kwenda Unguja akiwa na miaka tisa, akakulia huko, akaoa huko, akazeeka huko akisema kila mwaka kuwa mwakani atarudi. Alifariki kabla hatujarudi sisi. Bibi akaja Maskati bila yeye, na Kiarabu chake kilikuwa cha sala na maamkizi tu. Akimaliza kuuliza hali, maneno yanamwishia, anabaki kutabasamu.

Amma Zuwena hakumtaka. Hakumtukana, la, watu wale si wa matusi. Lakini alikuwa na miaka saba nduguye alipopanda chombo, alimngoja umri mzima, na badala yake akaletewa mjane asiyejua hata kusema. "Zinjibar imemla ndugu yangu," alimwambia baba mbele yetu, "akatusahau." Idi ya kwanza Bibi alimpelekea mkate wa kumimina, mweupe, umevimba vizuri, una harufu ya iliki. Amma aliushukuru, akaufunika kwa kawa, na alasiri mimi kwa macho yangu nilimwona akiwapa mbuzi. Nilimwambia Bibi. Sijui kwa nini nilimwambia. Aliniambia ninyamaze, akaingia msalani, akakaa huko muda mrefu.

Mwaka wa pili, mimi nina miaka tisa, Bibi alimwita baba. "Mwaka huu nna kanda langu," alisema. "Nataka litiwe shimoni."

Wenzangu mnajua. Kwa asiyejua: Idi ile nyama hupakwa viungo, ikafungwa kwa majani ya migomba, ikatiwa ndani ya kanda la ukili wa mtende. Ukoo mzima una shimo moja. Linawashwa kuni mpaka zibaki makaa mekundu, makanda ya kila nyumba hutupwa humo kwa mkupuo, shimo likafunikwa kwa bati na udongo, na haliguswi hadi siku ya tatu asubuhi. Hiyo ndiyo shuwa. Unguja hatukuwa nayo.

Baba alikuna kichwa. "Mama, wewe hujapata kuipika. Utajiaibisha bure."

"Nimemuahidi marehemu," Bibi akasema. "Kitandani pake nimemuahidi. Nyama ya shimo la kwao italiwa kwa jina lake, na wa kwanza kuila awe nduguye. Asipokula yule, ahadi yangu haijatimia. Sasa niletee mguu wa mbuzi, usinisumbue."

Nilimshikia bakuli. Alikaa chini jikoni, kinu katikati ya miguu, akatwanga huku midomo inamcheza: thomu, siki, giligilani, uzile, mdalasini, pilipili manga, ndimu kavu. Halafu akachukua tende, akazitoa kokwa, akazivuruga ndani ya siki kwa vidole mpaka zikawa uji. Kila kitu alikitaja kabla ya kukitia, kwa mpangilio, kama anayesoma uradi, na akikosea anarudi mwanzo. Nilimuuliza kaandikiwa na nani. "Kwani mie najua kusoma barua?" alinijibu. "Lete hayo majani."

Akalifunga kanda, na ili lisipotee miongoni mwa mengine akachana upindo wa kanga yake ya kisutu, mpya kabisa, akaufunga fundo mbili. Alifurahi mwenyewe. Baba aliona, mtu wa ofisini yule, akaenda zake. Mimi niliona ni uzuri mtupu, upindo mwekundu umening'inia.

Makanda ya wengine yalikuwa na waya uliofungwa kipande cha bati, au kijiko kilichotobolewa, au pete ya mnyororo, kila nyumba na chuma chake. Kanda moja tu halikuwa na alama, na hilo lilikuwa la Amma Zuwena, kwa sababu shimo ni lake na kila mtu anajua. Wanaume walikuwa wakikimbizana na moto. Ami Seif, mtoto wa Amma, alilipokea letu, akalirusha pamoja na mengine, Allahu akbar, shimo likafukiwa.

Nadhani mmeshajua kilichotokea. Siku ya tatu asubuhi, baada ya chai, shimo likafunguliwa na mvuke ukapanda, na harufu ile, jamani, harufu ile nikikumbuka mate bado yananitoka. Makanda yalivutwa kwa ndoana, meusi, yanatoa moshi. Hili la kwa Salim, lina kijiko. Hili la kwa Khamis, lina bati. Mwisho yakabaki mawili chini, hayana kitu, yamefanana. Upindo wa kanga ulikuwa umeungua, hata jivu halikubaki.

Ami Seif alitazama, akaelewa, akacheka kicheko cha mtu asiye na ubaya. "Wazinjibari wametia nguo motoni!" Wanaume wote wakacheka. Watoto wenzangu wakacheka. Bibi hakufahamu maneno, lakini alifahamu macho yalikuwa yakimtazama nani. Alivuta buibui lake usoni. Nami nilimwonea aibu, Mungu anisamehe, nikasogea mbali naye kidogo ili nisionekane kuwa wake.

Amma Zuwena akaja akikokota kandambili. Alipoambiwa, alisonya. "Yafungueni yote. Langu nitalijua kwa ulimi."

Kanda la kwanza likapasuliwa, majani yakafunuliwa, nyama ikaachana na mfupa yenyewe. Amma akamega, akatia kinywani. Akatafuna mara mbili, akaacha. Tulidhani amejiunguza. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, na nguo zake za Idi.

"Nani ametia tende?" aliuliza.

 Pale Bawshar hakuna aliyekuwa akitia tende. Mimi ndiye niliyekuwa najua lugha zote mbili vizuri, nikamgeukia Bibi nikamfasiria. Bibi akajibu taratibu, kama mtu anayekiri kosa, "Mimi."

"Nani kakufundisha?"

"Nduguyo."

Amma alitazama nyama mkononi mwake. Alisema mama yao alipokufa yeye alikuwa bado mtoto, hakuwahi kushika mama alichokuwa akitia nyamani, na tangu hapo amejaribu kila namna na haikuwa. Halafu akaniuliza mimi, mimi mtoto, akinishika mkono kwa nguvu: "Muulize. Alikuwa akila hii huko?"

Nilimuuliza Bibi.  Angeweza kusema ndiyo, na mambo yangekwisha.

"Mwambie hakuila hata siku moja," alisema. "Kwetu ukichimba maji yanatoka, shimo halishiki moto. Nilimwambia basi nikupikie ya chunguni. Akakataa. Kila Idi alinikalisha akanisomesha vya kutia, nikikosea narudi mwanzo, halafu akala pilau kama watu wengine. Akisema ile nitaila kwetu. Mwambie hata mimi sijapata kuionja."

Nilifasiri neno kwa neno. Amma Zuwena akalia. Alilia kwa sauti mbele ya wanaume, mwanamke ambaye hakupata kuonekana akilia hata msibani, akirudia, "Hakusahau, kumbe hakusahau." Ami Seif alitazama pembeni, akajitia anakoroga makaa.

Kisha alimega kipande kingine, akakipuliza, akampelekea Bibi mdomoni kwa mkono wake. "Kula, wifi yangu," alisema. "Kula umlie na yeye." Hilo sikulifasiri. Bibi alifungua mdomo, akala, macho ameyafumba, na machozi yakamtoka pembeni.

Tangu Idi ile wale vikongwe wawili walipaka nyama pamoja kila mwaka, huyu hajui lugha ya huyu, wakigombana kwa mikono: siki imezidi, siki haijatosha, toka hapo. Sisi watoto tulikuwa tukijificha nyuma ya mlango tunacheka mpaka mbavu ziume. Bibi alipofariki, Amma ndiye aliyemwosha, na hakukubali kusaidiwa ila kumwagiwa maji. Yeye mwenyewe hakumaliza miaka miwili. Mungu awarehemu wote watatu.

Leo nnakaa Bawshar mimi mwenyewe. Tulijenga kwenye kiwanja cha Amma, baba na ami zangu waligawana, nikapata pembe ya mbele. Mitende imebaki minne. Idi siku hizi imehamia kwenye joto kali, na wajukuu zangu wanaisherehekea ndani ya kiyoyozi cha digrii kumi na nane, wamejifunika mablanketi mwezi wa sita. Hawajui joto hukatika lini, kwani kwao halikuwahi kuanza. Shuwa inaletwa na dereva, ndani ya sanduku la karatasi, ina kibandiko cha duka na kijiko cha plastiki. Mmoja aliipiga picha kabla ya kuigusa, akanionesha ni watu wangapi wameipenda. Nikamuuliza, wameionja wapi? Akacheka, akaniambia, "Bibi wewe!"

Huwa tunakaa, sisi watu wa umri wangu, tunawalaumu hawa watoto. Hawana mila, hawana subira, wamelelewa na simu. Na mimi husema pamoja na wengine, tena kwa sauti. Lakini nikibaki peke yangu nakumbuka kuwa hakuna mtoto aliyelifunga shimo lile. Tulikaa watano barazani, sote wakubwa, sote tuliokula humo. Vijana walikuwa wameanza kununua magari na pa kuyaweka hapakuwapo. Mmoja alisema moshi unaharibu rangi ya kuta. Mwingine akasema siku hizi nani ana nguvu za kupasua kuni. Na aliyesema "basi tulizibe" ni mimi, wala sikufikiri, nilikuwa namimina kahawa. Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu saa.

Mtu alisubiri umri wake mzima kula nyama ya shimo lile, akafa hajaionja. Mimi lilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, nikaita lori la zege.