Fundi Kiraka na Nambari Arobaini na Moja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlango wa bati wa karakana uko wazi nusu, na mkwaruzo wa msumeno wa chuma unasikika mpaka barabarani. Ndani, mwanamume wa miaka hamsini na mbili amepiga goti juu ya gunia, uso wake umekaribia kabisa shingo ya pikipiki nyekundu. Anavuta msumeno, anausukuma, anapuliza vumbi la chuma, anachungulia. Kisha anaanza tena.

"Usinisemeshe kwa dakika mbili," anasema bila kuinua kichwa. "Hapa nikikohoa vibaya, nimemwaga unga wa mtu."

Mwenye pikipiki ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia ngumu mapajani. Tangu kazi ianze hajathubutu hata kupiga mwayo.

Hii ni ya ishirini na nane. Baada yake zimebaki kumi na mbili, na leo ni Ijumaa. Kesho saa sita mchana wakala wa pikipiki hizi anafunga zoezi la ukaguzi, na atakayechelewa atajijua mwenyewe.

Mtaani wanamwita Kiraka. Ni fundi wa kuchomelea. Kazi yake ya kila siku ni mageti, nondo za madirisha na vitanda vya chuma, lakini jina hilo alipewa na waendesha bodaboda. Ukinunua pikipiki mpya hapa, hubebi abiria kabla hujampelekea Kiraka. Yeye huchomelea bamba dogo la chuma ubavuni mwa shingo ya fremu, pale usukani unapoingia, ili shingo istahimili mashimo, magunia na abiria wanaosema "niko peke yangu" halafu wanatoka na shangazi.

Wenyewe wanaita kuichanja pikipiki. Miaka miwili iliyopita chama chao kilinunua pikipiki arobaini na moja kwa wakati mmoja, na zote zilichanjwa ndani ya wiki ile. Arobaini ni za waendesha bodaboda. Moja ni ya Kiraka mwenyewe, ambayo mke wake huitumia kusambaza mikate madukani.

Halafu, wiki mbili zilizopita, kiwanda kikatoa tangazo. Shingo za toleo lile zilichomelewa vibaya tangu kiwandani na zinaweza kukatika safarini. Wenye pikipiki waliombwa wasiziendeshe bali wazirudishe kwa wakala, zitengenezwe bure. Tangazo halikuwa la kutisha watu ovyo. Dereva mmoja wa kituo cha jirani alikuwa ameshavunjika mfupa wa bega, usukani ukiwa umebaki mikononi mwake.

"Tulifurahi, nisikudanganye," anasema mwenyekiti wa kituo, mtu mnene mwenye sauti ya kuamrisha foleni. "Bure ni bure. Jumanne tukaenda watatu kuwawakilisha wenzetu. Karani akainama kutafuta nambari ya fremu, akainuka, akatuuliza, nambari iko wapi?"

Nambari ya fremu hugongwa shingoni, ubavu wa kulia. Na ubavu wa kulia ndipo Kiraka alipoweka bamba lake, kwa sababu huko ndiko mkono wake unakofika vizuri. Alikuwa amezifunika zote arobaini na moja.

Karani hakuwa mkali, ila hakulegeza. Kadi peke yake haitoshi, alisema, maana watu wameshaleta kadi ya huyu na pikipiki ya yule. Injini nazo hubadilishwa kila kukicha. Nambari isomeke kwenye chuma, au pikipiki irudi ilikotoka.

Jioni ile wanaume kumi na watano walisimama mbele ya karakana. Hakuna aliyemtukana. Mmoja aliuliza tu, kwa upole uliomuumiza kuliko matusi, "Sasa fundi, ulikuwa unatusaidia au unatuzika?"

Kiraka anasema aibu aliyoipata siku ile hajawahi kuipata tangu azaliwe.

"Walikuwa wameniamini na roho zao," anasema. "Nilidhani nimewakinga. Kumbe nimewafungia mlango wa dawa."

Kesho yake alfajiri alianza na pikipiki yake mwenyewe, kusudi kama kuna kuharibika, iharibike yake. Alichukua grenda, maana ndiyo ya haraka. Bamba lilikatika upesi. Lakini diski iliteleza, mara moja tu, na ilipotulia tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimekwenda. Palibaki kovu linalong'aa.

Mke wake alikuwa mlangoni na kreti za mikate, anasubiri kuona.

"Hakupiga kelele," Kiraka anasema. "Angepiga ningepata nafuu. Aliangalia lile kovu, akaenda kuazima baiskeli kwa jirani."

Mke mwenyewe analieleza kwa ufupi zaidi. "Ningesema nini? Mkono ulishateleza. Nikamwambia, baba watoto, hiyo yetu imeshakufa. Zilizobaki usitumie hilo dude."

Ndipo msumeno wa mkono ulipotoka kwenye sanduku. Na ndipo tabia moja ya zamani ilipomwokoa. Fundi aliyemfundisha kazi alimkataza kuziba chuma pande zote, maana maji yakiingia hayatoki na chuma huoza kwa ndani. Kwa hiyo mabamba yake yote yamechomelewa juu na chini tu, pembeni yameachwa wazi. Moto haukufika katikati. Alipokata bamba la pili kwa mkono, polepole, akamalizia kwa tupa na kupangusa kwa kitambaa chenye mafuta, nambari ilikuwa pale, nzima, kama ilivyotoka kiwandani.

"Nilikaa chini," anasema. "Mwanaume mzima nikalia, na mwenye pikipiki naye analia, tunachekana."

Kila moja ilichukua karibu saa nzima. Kwa siku tatu hakuchomelea geti hata moja, wala hakutaka malipo. Waliomwona wanasema kiganja chake kilitoka malengelenge siku ya kwanza, na siku ya pili malengelenge yakapasuka. Mke wake alikuwa akipita na baiskeli, anaacha mkate na chai, anahesabu zilizobaki, anaondoka.

Ya arobaini ilimalizika Ijumaa jua likikaribia kuzama.

Jumamosi asubuhi mji uliona kioja. Kwa kuwa tangazo lilisema pikipiki zisiendeshwe, wanaume arobaini walizisukuma kwa miguu kilomita nne, foleni moja, kofia ngumu vichwani kwa mazoea. Watu waliuliza kama petroli imeisha mji mzima. Mwisho wa foleni alikuwa Kiraka na mkewe, wanasukuma yao.

"Mimi sikutaka kuipeleka," anasema Kiraka. "Mwenyekiti ndiye aliyekataa. Alisema tulinunua arobaini na moja, tunaingia arobaini na moja."

Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliweka meza uani. Mbele yake palikuwa na orodha ya mauzo ya chama. Alimulika kila shingo kwa tochi, akasoma nambari kwa sauti, akaitafuta kwenye orodha, akaweka alama. Kila alama ilipowekwa, uani palisikika pumzi za watu arobaini zikishuka. Saa tano na nusu aliweka alama ya arobaini.

Kiraka alisogea na yake. "Hii usijisumbue nayo, dada," alimwambia. "Niliiua mwenyewe."

Karani alimulika lile kovu. Kisha akauliza, "Mlinunua siku moja?"

"Siku moja, risiti moja," akajibu mwenyekiti.

"Nisomee tarakimu zilizobaki."

Kiraka alisoma. Karani alishusha kidole kwenye orodha, kutoka juu mpaka chini, taratibu, akapita alama baada ya alama. Kidole kikasimama. Mstari mmoja tu haukuwa na alama, na tarakimu zake zilianza vilevile kama zile alizosomewa. Aliomba kadi ya pikipiki, akalinganisha. Akaigeuza orodha ili wote waione.

"Arobaini wenzake wamesimama hapa na nambari zao zinasomeka," alisema. "Sasa huu mstari uliobaki ni wa nani?"

Mke wa Kiraka akainua mkono, kama mwanafunzi darasani, akasema, "Wa kwangu."

Karani aliingia ndani kwa mkuu wake, akatoka na muhuri. Pikipiki arobaini na moja zilipiga honi kwa pamoja, na mlinzi wa getini akadhani pamevamiwa.

Sasa, wiki kadhaa baadaye, shingo zote zimeshatengenezwa. Mafundi wa wakala walikuta mbili zimeanza kufanya ufa, na wakasema lile bamba ndilo lililozishikilia. Kiwanda nacho, katika marekebisho yake, kimeongeza bamba, ila kimeliweka upande wa kushoto.

"Na wao wamechanja," anasema Kiraka, na kwa mara ya kwanza anacheka mpaka mwisho.

Kwenye msumari juu ya jiliwa, kile chombo cha kubania vyuma, pananing'inia kigezo kipya alichokikata kwenye bati. Ni umbo la bamba lilelile, lakini katikati lina uwazi wa urefu wa kidole, ili nambari isomeke. Vijana wa kituo wameshaanza kumwita Dirisha, naye hataki. Mpango wake ni kukata vigezo thelathini na kuvigawa kwa wachomeleaji wa vituo vyote vya mji, bure.

"Pikipiki zitaendelea kuja, za kila kampuni, na mashimo ni yaleyale," anasema. "Sitaki fundi mwingine aulizwe swali nililoulizwa mimi."

Nje inapigwa honi mara mbili. Ni mke wake, kreti nne za mikate zimefungwa nyuma. Kiraka anaweka tupa chini, anatoka, anashika usukani na kuutikisa kwa nguvu, kushoto na kulia. Shingo haitoi hata mlio.

"Nenda," anamwambia.

Naye anawasha pikipiki, anakwenda.