Mama Alipanda Mlimani Kusubiri Simu Yangu

Admin, jina langu ubaki nalo wewe peke yako, maana ndugu zangu wapo humu na kaka yangu ndiye wa kwanza kukomenti kwa watu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na saba, nina mke na watoto wawili, nauza matunda hapa Mombo, pale mabasi yanaposimama. Kwetu ni huko juu Lushoto, kijiji cha Malindi. Si mbali. Asubuhi unapanda, jioni umesharudi. Nasema mapema ili mtu asije akadhani niko Ulaya.

Mama yetu ni mjane, anaishi na mdogo wangu wa kike ambaye aliachika akarudi nyumbani. Mwaka jana nilikaa miezi bila kwenda kumwona, watu wakaanza kuniuliza, nikaamua kumnunulia simu ya tachi. Nitasema ukweli, sikununua kwa mapenzi tu, nilinunua ili nisipande. Nilijiambia tutaonana kwenye video na mambo yatakuwa yamekwisha. Nikachukua ile ya bei ya chini kabisa dukani, na laini nikamsajilia ya mtandao wangu, kwa sababu dakika za mtandao mmoja kwa mmoja ni bei chee, na bando lake ningemnunulia hukuhuku. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, hiyo laini huku bondeni haishiki. Hapa watu wote tunatumia ile nyingine." Nikamkata kauli. "Wewe mambo ya mitandao umesomea wapi? Simu ina sehemu ya laini mbili, hiyo nyingine utamwekea wewe." Nilijua hana hata hela ya vocha. Nilisema makusudi.

Kweli haikushika. Ilishika juu mlimani tu, penye miti, kama nusu saa ya kupanda kutoka nyumbani. Badala ya kukubali kosa nikamwambia mama, "Kila Ijumaa saa kumi uwe pale, nitakupigia." Akaitikia, "Haya, baba." Miezi ya mwanzo nilipiga. Nilikuwa nikimwona amevaa gauni la Idi na mtandio wake mzuri, uso kaupaka mafuta, kwa sababu anakwenda kuonekana na wajukuu. Wanangu wanamwamkia, anacheka, anawajibu kwa Kishambaa ambacho hawakijui. Halafu nikaanza kulegea. Ijumaa hii napiga, ile sipigi. Yeye hakuwahi kulalamika. Nikijitetea, ananiwahi, "Usijali, baba, najua mtandao unasumbua."

Sasa Ijumaa moja ya masika nilikuwa nimekaa kibandani natazama mpira kwenye simu. Saa kumi ikafika nikaiona, sitadanganya kwamba nilisahau. Nikasema mpira uishe kwanza. Kabla haujaisha bando likakata, nikaona uvivu wa kujiunga tena, nikasema nitampigia kesho. Jioni ileile kaka yangu mkubwa, anayekaa Tanga, akanipigia. Mama ameteleza mlimani, majirani wamembeba kwa machela mpaka barabarani, yuko hospitali na nyonga imevunjika.

Kesho yake nilipofika nikakuta ameshawaambia wote kwamba alikwenda kukata majani ya ng'ombe. Hakuna aliyejiuliza mtu anakwendaje kukata majani kwenye tope na viatu vya Idi, maana ndivyo alivyokutwa navyo. Gambuti alikuwa ameziacha nyumbani. Mimi nilielewa palepale. Watu walipotoka akanishika mkono, akaniuliza taratibu, "Jana ulipiga?" Nikamjibu, "Nilipiga sana, mama, haikuingia." Akasema, "Nilijua. Nikawa naiinua juu ili ishike, ndipo nikateleza."

Alipotolewa hospitali tukakaa kikao cha familia. Kaka akamgeukia mdogo wetu. "Wewe umekaa hapa unakula na kulala, mama ndiye anayekwenda kukata majani kwenye mvua?" Yule binti anajua kila kitu, ila mama amemwapisha asinitaje, nisije nikagombana na kaka. Akanitazama mimi tu. Kaka akaniuliza, "Na wewe unasemaje?" Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi yangu. Nikasema, "Ni uzembe kweli, kaka." Basi ikapitishwa kwamba aondoke nyumbani, atafutwe mtu mwingine wa kumwangalia mama. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi nilichuma, na anayelishwa ni yeye peke yake.

Huyo anayefukuzwa ndiye anayemgeuza mama kitandani, ndiye anayemwogesha. Juzi nilipanda kuwaona, akanikaribisha, "Shikamoo, kaka," akaniwekea chakula. Pa kwenda sijui kama anapo, kwa mume alikotoka alikuwa akipigwa. Jumapili hii kaka anakuja kuhakikisha ameondoka.

Nimejaribu mara mbili kumpigia kaka nimweleze kwa nini mama alikuwa kule juu, nikakata kabla hajapokea. Najua ataniuliza swali moja tu, kama siku ile nilipiga. Kumdanganya yeye naweza, nimeshamdanganya mkubwa kuliko yeye. Lakini nimechoka, na najua nikianza kusema itabidi niseme yote, na mama atakuwa amelala palepale anasikia.

Nitukaneni kwanza, nimestahili, ila mkimaliza mnishauri. Mdogo wangu asipotetewa na mimi hana mwingine. Lakini mama mpaka leo anaamini kwamba nilikuwa nampigia, na ndilo jambo pekee linalomfariji kitandani pale. Namwambiaje kwamba alipokuwa ameiinua simu ile, hakuna aliyekuwa anapiga?