Muhindi Wetu Alivyonizika Nikiwa Hai

Kumbe kuchekesha watu ni kazi. Mutoto wa Muhindi aliyekuwa na duka hapa Kasongo alienda Ulaya akiwa kijana, na huko anaandika vitabu vya kuchekesha. Wazungu wananunua. Mimi nilibeba magunia ya mchele ya baba yake mpaka duka likawa langu, sikujua kicheko kinauzwa. Niliishia darasa la tatu la primere; pengine hilo linafundishwa la nne.

Kiangazi kilichopita akarudi, juu ya pikipiki, kitambaa puani, kama vumbi letu halimjui.

"Yaya," akaniambia, kama kaka yake mukubwa, "huko wote wanacheka. Lakini hapa kwetu wasipocheka, mimi ni muongo tu."

Tukakusanyika katika ukumbi wa kanisa. Akatusomea kidogo kitabu chake, akakifunga, akainuka, akaburuta mguu wa kushoto, akakohoa, akafokea muteja asiyeonekana: "Unashika-shika sukari, unataka kuioa?"

Nilikuwa mimi huyo. Mguu wangu, kikohozi changu. Hakuacha kitu.

Hakuna aliyecheka. Kwetu mutu anaigizwa kwenye matanga yake tu. Wajukuu wanavaa koti la marehemu, wanatembea kama yeye, waombolezaji wanacheka, machungu yanapungua. Bwana muandishi alijifunzia kazi yake pale pale, akitoroka duka la baba yake kuja kwenye matanga yetu. Alibeba yote mpaka Ulaya, akasahau kadogo tu: mwenyewe afe kwanza.

Mama mumoja akaanza kulia. Jirani akanigusa mukono. "Muzee, uko sawa? " Akawageukia wengine: "Mukono bado iko na joto."

Muhindi akatokwa jasho. "Yaya, nimeharibu?"

"Umeniua, mudogo wangu. Kaa chini."

Nikachukua kitambaa chake, nikajifunga puani. Nikapangusa benchi, nikapangusa tena, nikalipanda kama pikipiki. "Polepole, chofere! Wazungu wananingoja niwachekeshe!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Yule mama akacheka na machozi yake bado shavuni. Muhindi mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaniuliza:

"Basi sasa mufu ni mimi?"

"Ni wewe. Mugeni akifa tunatoa pole, tunarudi nyumbani. Tunayemucheka ni mutu wetu."

Alipangusa uso, akauliza waombolezaji watakula nini. Nikamwambia matanga bila chakula ni aibu, na mchele uko dukani kwangu. Safari hii magunia alibeba yeye.