Mahali Karatasi Haikushika

Ijumaa ya mwisho ya Shaabani mwaka huu tulikirudisha chumba cha bibi. Ndicho kilichokuwa kimebaki mikononi mwetu, cha kupanga, Mji Mkongwe. Mwenye nyumba anataka kulaza wageni, na sharti lake lilikuwa moja: tumrudishie kuta nyeupe, bila karatasi wala gundi. Basi siku moja kabla, mimi na dada yangu tulipanda ngazi zile na ndoo, chupa ya siki, madodoki na visu butu.

Karatasi ile ya maua mekundu ilibandikwa nikiwa mtoto, na nitakwambia kwa nini. Bibi alikuwa na pembe yake kando ya dirisha. Kila baada ya alasiri alikunja miguu mkekani, akaegemeza kichwa ukutani, akavuta uradi au akachagua mchele, huku muuza kahawa akigonganisha vikombe kule chini. Nywele zake alizipaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe kwa mrehani, na miaka yote ile mafuta yakawa yanaingia ukutani. Palifanya doa la rangi ya asali, upana wa sahani. Ramadhani ikikaribia mama alipaka chokaa chumba kizima. Ikifika Idi doa limesharudi. Sisi watoto tulikuwa tukilinusa. Lilinukia bibi.

"Kwako ni pale unapoegemea," bibi alipenda kusema.

Mama alilionea haya doa lile. Watu walipoleta habari kuwa wanakuja kumposa dada, alikwenda Darajani kununua karatasi, akapika gundi ya unga wa ngano, akatia mrututu, ile sumu ya buluu, ili mende wasiile. Nakumbuka sufuria likitokota kwa harufu ya uji wa mgonjwa, na sisi tukikatazwa hata kulamba kidole. Chumba kikageuka. Majirani wakapanda kutazama.

"Lo! Mwenzetu kahamia hoteli na hata hajatuaga," jirani wa chini akatania, na mama akacheka kwa raha.

Kisha akamgeukia bibi, kwa adabu, maana alikuwa mkwewe. "Mama, usiegemee tena hapo. Mafuta yataharibu gundi, karatasi ibanduke."

"Haya, mwanangu," bibi akasema. "Sasa niegemee wapi?"

Akauvuta mkeka wake hadi katikati ya chumba, akakaa bila kitu mgongoni. Wageni walikuja, wakala, wakasifu ukuta, wakaenda zao. Harusi ikapita. Hakuna aliyemwambia arudi kwenye pembe yake, naye hakuomba. Jioni nilimwona akijikanda kiuno kwa ngumi. Masika yaliyofuata alifariki, na mkeka ulikuwa bado pale katikati.

Siku ile ya kubandua tulilowesha karatasi kwa maji ya moto na siki, tukangoja inywe, tukavuta. Karatasi ilikubali. Gundi ndiyo iliyokataa. Ikilowa inateleza kama mlenda. Ikikauka inang'aa ukutani kama njia ya konokono.

"Mie nshachoka," dada akasema. "Tupake rangi juu yake, nani atajua?"

"Rangi juu ya gundi itabanduka kabla ya masika kwisha."

Tukasugua kwa dodoki, polepole, kwa maana ukuta wa chokaa ukizidishiwa maji nao unageuka uji. Mimi nilikuwa naisogelea pembe ya dirisha. Tangu mama afariki nilitamani kuliona tena lile doa.

"Umekuja kubandua karatasi au kuzuru kaburi?" dada akaniuliza.

"Vyote."

Pale kwenye pembe sikuhitaji maji. Nilivuta ncha, ukaja upande mzima, mkavu. Mafuta yalikuwa yameikataa gundi. Muda wote ule karatasi ilikuwa imeshikwa kingo tu, na nyuma yake doa lilikuwa limekaa, rangi ileile ya asali. Bibi angeegemea asingeharibu kitu; hapakuwa na gundi ya kuharibika.

Dada akatua kisu chake, akakaa chini, akaegemeza kichwa pale. Akageuka, akaweka pua.

"Hapanuki kitu," akasema.

Nami nikanusa. Kweli, palinuka siki tu, kama chumba kizima.

Ijumaa asubuhi mwenye nyumba alikuja na fundi rangi. Fundi akabonyeza doa kwa kidole gumba. "Hapa pana mafuta, rangi haitoshika. Pachongwe, pazibwe kwa saruji."

"Si muweke kabati tu?" nikamwambia mwenye nyumba. "Doa halitaonekana."

"Bibie, hapo kinakaa kitanda. Mgeni hataki kuegemea doa." Hakusema kwa ubaya. Mama naye hakusema kwa ubaya.

Fundi akachonga. Mafuta yalikuwa yameingia ndani kuliko alivyodhani, akazidi kuchonga mpaka jiwe likatokea. Nilitaka kuchukua kipande kimoja. Kila nilichookota kilikuwa unga mkononi.

Nikafagia, nikatia ndoo, pamoja na karatasi mbichi za maua. Nikashuka ngazi, nikamwaga jaani. Ndoo nikaisuuza, nikarudi juu kumkabidhi mwenye nyumba ufunguo.