Malkia Wawili na Dau la Woga

Asubuhi moja naikumbuka kuliko asubuhi nyingine zote nilizoishi Mbarara, mwanangu. Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nimefungua duka la intaneti, nimefuta vumbi kwenye kompyuta zote nane, na nilikuwa naogopa.

Kuogopa hakukuwa jambo geni kwangu. Tulipokimbia vita Kivu Kusini, Kongo, mwaka 1996 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na njiani mama alinifundisha nisikohoe, nisiulize kitu, nikipewa chakula nile upesi na kingine nifiche. Tulifika kambi ya Nakivale, Uganda, tukiwa hai, lakini mafunzo yale yalinibaki mwilini. Nikakua binti wa kusema kwa sauti ya chini, wa kuomba kidogo na kuchukua kipande kidogo kuliko vyote. Kanisani kwetu waliita hiyo adabu. Mimi najua ulikuwa woga.

Nilipofika miaka ishirini na sita nikapata kazi katika duka lile, nikapanga chumba mtaa wa Ruti, na mara moja kwa mwezi nikawa narudi Nakivale kuwaona wazazi. Hapo dukani ndipo nilipomfahamu Mwalimu Rubeni. Alikuwa mzee wa kwetu, aliyefundisha hesabu Uvira kabla ya vita, na sasa alikaa Kakiika akifundisha watoto wa majirani. Kila asubuhi alikuja kucheza karata za poka kwenye mtandao, katika meza za senti tu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa ugonjwa. Siku moja kidole kiliteleza, akaweka fedha zake zote bila kutaka. Akanigeukia.

“Riziki, mutoto yangu, kuya unishikie hii mausi. Mimi nitasema, weye utabonyeza.”

Nikakaa karibu yake, na ndivyo nilivyojifunza. Usicheke. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, kisha karata tano zinafunuliwa mezani kidogo kidogo kwa matumizi ya wote. Kila zinapofunuliwa, unaweza kuweka dau ama kutupa karata zako. Fedha zinazokusanyika katikati tuliziita poti, na mwenye karata zenye nguvu mwishoni anazichukua. Mwalimu hakuwa mtu wa tamaa. Mara nyingi alitupa karata zake hata kabla mchezo haujaanza. Alikuwa anakusanya nauli ya mke wake, Mama Esteri, waliyepotezana katika mbio zile za 1996 na ambaye sasa Mwalimu alikuwa amepata habari kwamba yu hai Uvira.

Jambo moja alilirudia hadi nikalikariri. “Ukiwa na karata nzuri, lakini mezani iko hatari, na batu bako mingi, usiweke dau kidogo. Weka nusu ya poti, ao zaidi. Mwenye kungojea karata yake, alipe bei ya kungojea.”

Nilikuwa naitikia. Lakini akiniambia niweke senti sitini, kidole changu kilitaka kubonyeza thelathini. Niliona kama nikiweka kidogo nitapoteza kidogo, basi.

Wiki ile Mwalimu aliitwa Nakivale kwenye uhakiki wa wakimbizi. Alipoondoka aliniambia nauli karibu imetimia, na kwamba akirudi Jumamosi tutaitoa yote aitume. Nikataka kumfurahisha. Nikataka akute imetimia. Ile Jumatano, kabla wateja hawajaja, nikafungua akaunti yake bila ruhusa, nikaingia kwenye meza kubwa kuliko aliyoizoea, na nikabeba zaidi ya nusu ya akiba yake.

Baada ya muda nikapata malkia wawili. Nilihisi moyo unapiga masikioni. Nikapandisha dau, watatu wakanifuata. Zikafunuliwa karata tatu za kwanza: jeki ya kopa, kumi ya kopa, na nne nyeusi. Malkia wangu walikuwa wanaongoza, lakini kopa nyingine moja ingeweza kuniangusha, maana mwenye kopa mbili mkononi angetimiza kopa tano, na hizo hushinda malkia wawili. Karata kadhaa nyingine pia zingeniangusha. Kila alichosema Mwalimu nilikijua. Nilijua natakiwa niweke angalau nusu ya poti. Kidole kikakataa. Nikaweka sehemu ya kumi tu, nikijiambia kwamba nikishindwa sitaumia sana.

Wote watatu wakalipa. Kwa nini wasilipe? Niliwauzia karata kwa bei ya bure. Ya nne ikaja mbili nyeusi, isiyomsaidia mtu. Mungu alinipa nafasi ya pili, mwanangu, na hata hiyo nikaweka kidogo vilevile. Wakalipa tena. Ya tano ikawa saba ya kopa.

Mmoja wao, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, akaweka fedha zake zote. Nilijua nimeshindwa. Nakuambia kweli, nilijua kabisa. Lakini nilishikwa na hofu ya kupoteza kile kidogo nilichokwisha kuweka, na macho yakaniingia giza. Nikabonyeza nikalipa kila kitu. Alikuwa na kopa mbili. Pale mezani, mbele ya jina letu, pakasomeka sifuri.

Niliogopa hata kuvuta pumzi. Mteja wa kwanza akaingia, akanisalimu, na nikamwitikia kama vile hakuna kilichotokea.

Jumamosi Mwalimu akaja, amevaa koti lake safi. “Leo njo siku,” akasema. “Fungua tutoe feza.”

Nikasikia mdomo wangu ukisema, “Mtandao umekatika, Mwalimu.”

“Pole. Nitakuya Jumatatu.”

Jumatatu nikamwambia hivyohivyo. Nilikuwa nimechomoa waya wa kompyuta aliyoipenda. Kila hatua niliyoisikia mlangoni nilidhani ni yeye. Nilikonda. Nikipanga jinsi ya kumweleza, maneno yananijaa kinywani, na nikimwona tu yanakauka.

Jumanne alikuja akakaa kwenye benchi. Pembeni yake mwanafunzi mmoja alikuwa anaangalia mpira kwenye kompyuta, magoli yanafungwa, anashangilia. Mwalimu akamtazama muda mrefu. Kisha akasema polepole, “Riziki, mutandao ya huyu kijana inatoka fasi gani?”

Nikaanguka magotini. Nikamwambia yote.

Hakuuliza nimepoteza kiasi gani. Aliuliza, “Karata gani?”

“Malkia wawili.”

“Mezani?”

“Jeki na kumi za kopa. Na walikuwa watatu.”

“Uliweka ngapi?”

“Kidogo, Mwalimu. Sehemu ya kumi.”

“Juu ya nini?”

“Niliogopa.”

Akafumba macho. “Batu batatu banangojea kukuua, weye unabafungulia mulango na kubakaribisha. Kisha karata ya kifo inafika, mutu mwenye alinyamaza anasema kwa nguvu, hapo sasa njo unatoa vyote? Fasi ya kuweka mingi uliweka kidogo, na fasi ya kutupa uliweka yote. Ile si kucheza. Ni woga njo ilishika mausi.”

Nikalia. Lakini alikuwa hajamaliza, na sauti yake ilibadilika.

“Feza, basi. Inapotea. Lakini hizi siku tatu? Siku ya Poso, ile Jumamosi, nilipotoka hapa nilimwambia Mama Esteri kwa simu ya jirani yake aanze safari. Amekwisha toka Uvira. Alikuwa na nauli ya kufika Kigali tu. Ingine nilimwambia ataikuta kule, kwa dukani ya kupokelea feza. Hana simu. Anangojea, na mimi sina cha kutuma.”

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Niliwaza mama mtu mzima, katika mji asioujua, akiulizia kila siku kitu ambacho hakijafika, kwa sababu mimi nilichomoa waya.

Kilichobaki katika akaunti tuliomba kitolewe siku ileile, lakini kingechukua siku mbili kufika mikononi, na hakikutosha. Nikamwambia Mwalimu tucheze turudishe kilichopotea. Akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau, akasema, “Hapana. Ukiwa na woga hivi hautashika karata.”

Nikapanda gari kwenda Nakivale. Baba yangu alikuwa shemasi, na katika nyumba yetu karata hazikuwahi kutajwa hata kwa mzaha. Nilimkuta anapalilia maharage. Nilisimama mbele yake, magoti yakigongana, nikamweleza kila kitu, hadi ule uongo wa mtandao. Nilidhani atanifukuza. Aliegemea jembe.

“Yule mama iko peke yake?” akauliza.

“Ndiyo, Papa.”

Akaenda kufungua mbuzi wawili. Kesho yake asubuhi tulikuwa sokoni Isingiro tumewauza, na mchana ule fedha zikatumwa Kigali. Njia nzima hakuniuliza habari za karata. Aliniambia tu, “Ungesema siku ya kwanza, feza yenye ilibakia ingefika, ningeuza mumoja.”

Mama Esteri alishuka kwenye basi la Kabale, njia ya kutoka Kigali, pale Ruti siku ya Ijumaa. Alikuwa mdogo wa umbo, ana kikapu kimoja, na miguu imevimba. Mwalimu alimshika mabega kwa mikono yake ile inayotetemeka. Nikasogea kuomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Mama yule akanishika mkono, akasema kwa upole kabisa:

“Nililala siku ine kwa baraza ya kanisa. Njaa sikuiogopa. Nilikuwa naogopa kama amekufa. Nilifika mupaka pa kumulilia.”

Alikuwa amekwisha kumlilia mume aliye hai, mwanangu. Nikaelewa kwamba hofu niliyokuwa naikwepa haikupotea. Ilimwendea yeye, kule kwenye baraza la kanisa, na yeye ndiye aliyeibeba.

Sikuambii ucheze karata, na fedha ya mtu mwingine usiiguse kamwe. Lakini najua vijana wa leo mnacheza, na simu mnazo mfukoni, basi sikia. Ukishika karata nzuri zinazoweza kuangushwa, na mezani kuna hatari, na wanaokufuata ni wengi, weka nusu ya poti au robo tatu yake, ili anayengojea alipe. Dau lipime kwa kilichopo mezani. Usilipime kwa mapigo ya moyo wako. Karata mbaya ikifika, na aliyenyamaza akapaza sauti, tupa zako, hata kama ni malkia wawili, uondoke na kilichobaki. Na siku utakapokosea, maana utakosea, sema siku hiyohiyo. Nenda na magoti yako yakigongana, lakini nenda. Mimi nilichelewa siku tatu tu, na hadi leo nikiona mama ameketi peke yake stendi na kikapu, siwezi kumpita bila kumuuliza kama kuna mtu anamngojea.

Mungu akupe mkono usiotetemeka pale unapotakiwa kuwa imara, na moyo wa kuachia pale mchezo unapokwisha. Akuepushe na kuogopa peke yako. Na mtu yeyote anayekungojea njiani, akuone ukifika.