Darubini ya Kuwindia

Mjomba wangu alikuja dukani Jumatatu moja asubuhi, sijamaliza hata kufuta vioo vya kabati, akaniambia anataka darubini. Si miwani, darubini. Tena ile yenye nguvu kuliko zote zilizoko Mombasa.

"Shikamoo mjomba," nikasema, maana hata salamu alikuwa hakuingoja.

"Marahaba binti yangu. Unayo?"

Nilimweleza kwamba sisi tunauza miwani tu. Duka lenyewe ni chumba kimoja hapa Changamwe, kando ya barabara ya malori, na kazi yangu kwa miaka kumi na saba imekuwa kupima macho, kukata lenzi na kubishana na madereva wasiokubali kwamba hawaoni vizuri. Darubini sijapata kuuza hata moja.

"Darubini ya nini, mjomba?"

"Ya kuwindia."

Alisema vile vile kama mtu anayeagiza chumvi. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakageuka kumtazama.

Niseme kidogo juu yake. Ni ndugu wa mama yangu, kitinda mimba wa nyumba yao, Mduruma wa upande wa Kinango. Ujanani alikuwa mwindaji wa upinde. Mama alikuwa akisimulia kwamba kwao nyama haikukosekana, na kwamba ndugu yake huyo akiondoka kuwinda hakuna aliyejua aliko mpaka arudi. Kisha, kabla sijazaliwa, alikamatwa akiwa na pembe za palahala, yule mnyama mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma kama mundu, ambaye nchi hii nzima anapatikana Shimba Hills peke yake. Kuwinda kulikuwa kumekwisha kupigwa marufuku. Akafungwa. Alipotoka alishika jembe, akalima mahindi na mihogo, akaanza kwenda kanisani. Lakini mama hakumwamini kabisa. Hadi anakufa, mjomba akija na nyama, mama alimwuliza ameinunua bucha gani.

Kwa hiyo nilipolisikia neno lile mbele ya wateja wangu, sikungoja aendelee. Nilimketisha nyuma, nikampa chai, nikamwambia tutazungumza saa ya chakula.

Saa ilipofika nilifunga mlango. "Mjomba, unisamehe. Mimi sitakusaidia kununua kitu cha kukurudisha jela."

"Nani kasema naenda kuua?"

"Wewe umesema kuwinda."

"Ndiyo. Kuwinda." Aliweka kikombe chini. "Kuwinda ni siku tatu, mwanangu. Kuua ni kufumba na kufumbua. Mimi nazitaka zile siku tatu. Nataka kumwona palahala. Tangu siku ile sijamwona tena."

Natamani kusema kwamba nilimwamini papo hapo. Sikumwamini. Nilifikiria nyama za porini zinazouzwa kwenye magunia kwa jina la mbuzi, nikafikiria watu wanaoweza kumtuma mzee kama huyu awatafutie njia. Nilikubali kwenda naye kwa sababu nilitaka kujua anayotaka kuyatazama ni yapi. Hiyo ndiyo ilikuwa imani niliyorithi kwa mama.

Miritini, si mbali na stesheni ya reli, kuna baharia mstaafu anayeuza vitu vilivyotoka melini: kamba, taa, viti vya chuma, saa za ukutani. Duka lake ni kontena lililokatwa mlango ubavuni. Tulimkuta amekaa nje na kofia yake ya vito iliyodariziwa kwa mkono, akatukaribisha kwa heshima zote, kisha akatoa darubini tatu akazipanga juu ya meza kama mtu anayeandalia wageni chakula.

"Hii," akasema, akiiinua ile kubwa kwa mikono miwili, "wallahi, ukisimama hapa unasoma gazeti la mtu aliye Mazeras. Inakuza mara ishirini."

Mjomba aliipenda kabla hajaigusa. Aliipeleka machoni, akaielekeza kwenye vilima vya mbali vilivyokuwa na ukungu wa joto, na mara moja nikaona mikono yake ikitetemeka. Hakuna ajabu, ni mtu wa miaka zaidi ya sabini.

"Waona nini?" nikamwuliza.

"Mlima wacheza ngoma."

Baharia akacheka. Mimi nikaona hapa ni mahali pangu, maana lenzi ndizo zinazonilisha. Nikamwonyesha tarakimu zilizochorwa karibu na kioo. Ile ya kwanza ni idadi ya mara ambazo kitu kinakuzwa, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Nikamwambia kwamba darubini ikikuza kitu mara ishirini, inakuza na tetemeko la mkono mara ishirini, na inakupa kipande kidogo tu cha nchi, mnyama akipiga hatua mbili umempoteza. Kioo kipana kwa nguvu ndogo kinakusanya mwanga mwingi, na mwanga ndio unaotakiwa alfajiri.

"Palahala hula alfajiri," mjomba akasema polepole. "Jua likipanda anaingia msituni."

"Basi nguvu siyo ya kwanza."

"Haya, nipe hiyo ndogo."

Ilikuwa ya mara nane, kioo cha milimita arubaini na mbili, nyeusi, mpira wake umechubuka kona moja. Safari hii hakusimama. Aliketi chini kwenye changarawe, akakunja magoti, akaegemeza viwiko juu yake, akatoa pumzi nusu na kuizuia. Mikono ikatulia kama imetiwa saruji. Nikajua ninamwona mjomba ambaye sikuwahi kumwona, yule wa masimulizi ya mama.

"Kuna mwewe juu ya mnara," akasema. "Ameshika kitu. Kuna mwanamke anaanika nguo." Akageuza darubini upesi, ilikuwa haya, hakutaka kumtazama mke wa mtu. "Kuna lori limefungua boneti, wanaume wawili wabishana."

Sasa, nina mazoea ya kazi. Mteja anapotazama ubao wa herufi, mimi humziba jicho moja kwa kiganja bila kufikiri, kisha la pili. Nilikuwa nimesimama mbele yake, kidogo pembeni, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikafunika kioo cha kushoto kwake.

Mjomba aliendelea kuzungumza. "Yule mrefu atashinda," akasema. "Yule mfupi hana hoja."

Mtu mwenye macho mawili angesema, mbona umezima? Nikaondoa kiganja, nikangoja kidogo, nikafunika cha kulia. Akanyamaza. Alikaa vile vile, darubini iko machoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ili baharia asisikie, "Toa mkono wako, mwanangu."

Nilitoa. Tulirudi Changamwe bila kununua kitu. Baharia alitusindikiza kwa macho, bila shaka akidhani bei ndiyo iliyotushinda.

Nilimkalisha kwenye kiti cha wateja nikampima. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, mwanga tu liliona, na mwanga wenyewe kwa upande. La kulia liliona herufi ndogo kabisa, lakini nilipompungia kidole pembeni hakukiona mpaka kilipokaribia pua. Nilijua jina la ugonjwa huo kabla daktari hajalisema: presha ya macho. Huja kimya, haiumi, hula kingo kwanza. Inachokula hakirudi.

"Tangu lini?"

"La kushoto, mwaka wa tatu huu." Akatabasamu kidogo. "Ndilo nililokuwa nalifumba nikilenga. Limezoea kufumba, mwishowe likaamua kufumba moja kwa moja."

Sikuweza kucheka. Mjomba huyu alikuwa akija dukani kwangu kila mara akishuka mjini. Alikunywa chai kwenye benchi lile lile, daima pembeni kabisa, ubavu wa kushoto ukielekea ukutani. Mimi nikidhani anapenda kuegemea. Nilikuwa nimepima macho ya watu nisiowajua kutwa nzima na mtu wa damu yangu ameketi hatua mbili, anapofuka, namwongezea sukari.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Mwindaji hasemi haoni." Kisha akaongeza, "Nimeona na hili la kulia linaanza. Nikaona kheri nitafute kitu chenye nguvu, nimwone mara moja, kisha liende kama linakwenda."

Alidhani kilichompungukia ni umbali. Kumbe ni upana. Nimewahi kukosea hivyo hivyo katika mambo yangu, nikitafuta nguvu zaidi pale nilipohitaji kutazama pembeni, lakini hayo ni yangu.

Ndipo aliponieleza habari za mnyama yule, habari ambazo hata mama hakuzijua. Hakuwa na njaa siku hiyo. Alikuwa na swala wawili begani tayari, anarudi nyumbani. Palahala dume akatoka kichakani, akasimama, akamtazama.

"Hakukimbia. Ndilo lililoniponza. Angekimbia ningemwacha. Nilimwua kwa sababu alisimama."

Wiki hiyo nilimpeleka hospitali ya macho. Daktari, mama mmoja mpole, alimwambia ukweli: la kushoto limepotea, la kulia linaweza kuzuiwa lisiendelee, kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, siku zote za maisha yake. Mjomba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Tulipotoka aliniuliza neno moja tu: kama matone yatamzuia kutumia darubini. Nikamwambia hapana.

Tulirudi Miritini. Nilikuwa nimefikiri sana, nikamshauri achukue ile ya bomba moja, ambayo baharia alikuwa nayo kabatini. Ni nyepesi, nikasema, na wewe jicho ni moja.

Aliipindua kiganjani, akairudisha. "Nisimame porini nachungulia kama mtu kwenye tundu la mlango? La. Ya mabomba mawili ina uzito, hutulia. Na watu wakiniona, nimekamilika."

Baharia, asiyejua tunasema nini, akaitikia, "Mzee asema kweli. Mwanamume na darubini yake."

Tukachukua ile ya mara nane yenye mpira uliochubuka. Nilikuwa na majibu ya kitaalamu dhidi ya lile bomba la pili lisilo na kazi, nikayameza. Nimewauzia watu wengi fremu ambazo hazikuongeza chochote katika kuona kwao, na walitoka dukani wakitembea vizuri zaidi.

Mume wangu aliazima gari, tukaondoka kabla ya alfajiri kwa barabara ya Dongo Kundu, tukapanda Kwale giza bado lipo. Langoni tulipewa askari wa wanyama wa kutuongoza, kijana mrefu mwenye sweta. Mjomba alimsalimu, kisha akasema, mbele ya kila mtu, "Mwanangu, nikujulishe mapema. Mimi niliwahi kufungwa kwa mnyama wa hapa."

Nilitamani ardhi inimeze. Askari alimtazama kwa muda. "Mnyama gani, mzee?"

"Palahala."

"Basi leo unitafutie wewe. Mimi wiki nzima sijamwona."

Tuliketi kwenye ukingo wa kilima, nyasi zimelowa, msitu chini yetu bado wa bluu. Mume wangu alibaki garini. Mjomba alikaa kwa mtindo wake, magoti yamekunjwa, akaanza kuipitisha darubini kutoka kushoto kwenda kulia, polepole kama mtu anayefagia, kisha anarudi. Nilimwuliza anatafuta nini hasa.

"Usimtafute mnyama," akanong'ona. "Hutamwona. Miti yote imesimama. Tafuta kilicholala. Mgongo hulala."

Nusu saa ikapita, na zaidi. Askari alipiga miayo. Nilianza kuandaa maneno ya kumfariji, nikiwaza kile kijidirisha alichobakiwa nacho katika jicho lile, na ukubwa wa msitu ule.

"Pale," akasema. "Chini ya mti uliokauka. Sikio."

Askari aliinua darubini yake, akatafuta, akatafuta, kisha akatoa pumzi. "Eee. Majike. Watatu. Na mtoto."

Mjomba akanivisha ile yake shingoni ilhali mkono wake bado unaielekeza. Kwa muda nikaona majani matupu. Kisha mstari mmoja wa hudhurungi ukakataa kuwa tawi, ukawa mgongo, ukapata shingo. Nyuma yao, akitoka kivulini taratibu, dume. Sikujua kwamba weusi unaweza kung'aa namna ile. Nilimrudishia upesi, maana haikuwa haki yangu.

Yule dume alisimama, akageuza uso kuelekea kwetu. Mjomba akazuia pumzi. Niliona kidole chake cha shahada kikijikunja taratibu juu ya mpira, kama kinashika uzi wa upinde, kisha kikafunguka.

"Asimama," akasema. "Asimama tu."

"Amekuona, mzee?" askari akauliza.

"Sijui. Mwache apite."

Mnyama alikaa pale muda wa kutosha mtu kusema Baba Yetu mara mbili. Kisha akageuka kwa hiari yake, akaingia msituni na jamaa zake, na nyasi zikajifunga. Mjomba aliendelea kutazama mahali patupu. Alipoishusha darubini, duara mbili nyekundu zilikuwa zimechorwa usoni mwake, sawasawa kwenye jicho linaloona na kwenye lisiloona.

Askari alimpa mkono.

Tulipofika Kwale mjini jua lilikuwa limekwisha kupanda, na saa ya dawa ilikuwa imepita. Mume wangu akaegesha gari kando ya barabara, mbele ya mama anayekaanga mahamri. Nikamwambia mjomba alaze kichwa nyuma kwenye kiti. Akalaza, akafungua jicho la kulia wazi kabisa, bila kupepesa. Tone moja likaingia. Jingine likakosea, likateremka shavuni, nikalifuta kwa kidole gumba, na hakuna kati yetu aliyeuliza kama lile lilikuwa dawa.